Kuifanya Alumini Ionekane Majini: Mwongozo wa Kutengeneza Kihisi cha Molekuli

Pika chai kwa maji ya kisima yenye chuma kingi, kisha iache ikae. Itazidi kukolea hadi iwe nyeusi. Tanini za majani ya chai zimezishika ayoni za chuma, na muungano huo umetoa rangi ambayo maji hayakuwa nayo. Hicho tayari ni kihisi cha molekuli, ila kina kasoro mbili: hakisemi chuma ni kiasi gani, na hakikuhakikishii kwamba weusi ule umetokana na chuma, si na majani yaliyozidi. Anayetengeneza kihisi anahangaika na kasoro hizo mbili tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho.

Mwongozo huu ni wako wewe mwanafunzi wa kemia au fundi wa maabara mwenye mizani nzuri, kipima pH, pipeti na, ukibahatika, spektrofotomita. Mfano tutakaoufuata ni alumini. Mitambo mingi ya kusafisha maji hutumia shabu, ambayo ni chumvi ya alumini, kukusanya tope litulie chini. Mtambo ukiendeshwa vibaya, alumini nyingi hubaki majini na kufika bombani. Vilevile, alumini ndiyo iliyofungua njia ya fani hii: mwaka 1867 Goppelsröder alionyesha kwamba morini, rangi ya manjano itokanayo na mimea, hung'aa sana ikiishika.

Anza na maji, molekuli baadaye

Wengi huanza kwa kuchora molekuli nzuri, kisha wakaitafutia kazi. Fanya kinyume chake. Kabla hujanunua kemikali yoyote, andika majibu ya maswali manne: natafuta ayoni gani, iko katika umbo gani, kwa kiasi gani, na imezungukwa na nini?

Tuanze na kiasi. Geuza miligramu kuwa moli, maana kihisi hukutana na ayoni mojamoja, hakijui uzito wake. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha shaba katika maji ya kunywa kuwa miligramu 2 kwa lita, yaani karibu maikromoli 31. Kikomo cha risasi ni maikrogramu 10 kwa lita, yaani nanomoli 48 hivi. Zebaki isiyo ya kikaboni ni maikrogramu 6, sawa na nanomoli 30. Kwa alumini, shirika hilo linasema mtambo mkubwa ulioendeshwa vizuri unaweza kubakiza miligramu 0.1 kwa lita au pungufu, na mtambo mdogo miligramu 0.2. Hizo 0.2 ni maikromoli 7.4.

Sasa piga hesabu ya macho. Chukua rangi kali, ambayo uwezo wake wa kufyonza mwanga ni 50,000 kwa moli kwa lita katika sentimita moja. Shaba ikiwa kwenye kikomo chake, ufyonzaji utakuwa karibu 1.5, na hata mtoto ataiona rangi hiyo. Risasi ikiwa kwenye kikomo chake, ufyonzaji ni 0.0024, na hapo hakuna jicho litakaloona kitu. Kwa hiyo kihisi cha rangi kinaweza kuitosha shaba, lakini cha risasi kinahitaji mng'ao au njia ya kuikusanya risasi kwanza. Mng'ao una faida kwa sababu unapimwa dhidi ya giza, ilhali rangi hafifu inapimwa dhidi ya mwanga mwingi uliopita bila kuguswa.

Kinachoizunguka ayoni ni swali gumu zaidi. Maji yenye miligramu 40 za kalsiamu kwa lita, jambo la kawaida kabisa, yana milimoli moja nzima ya kalsiamu. Hiyo ni zaidi ya mara 20,000 ya risasi iliyo kwenye kikomo. Kihisi cha risasi kinachoipenda kalsiamu hata kidogo tu kitakuwa kinakupimia kalsiamu.

Umbo nalo husahaulika. Kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita, Chunya au Migori, zebaki hutumika ikiwa metali kamili, na sehemu yake huishia kwenye tope la mito ambako bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki inayoingia kwa samaki. Kihisi kilichoundwa kwa ajili ya ayoni ya zebaki yenye chaji mbili hakitaiona zebaki ya metali iliyotulia chini ya ndoo. Kule Owino Uhuru, Mombasa, ambako risasi ilitoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, sumu iliingia kwenye udongo pia, na udongo lazima uchemshwe kwa asidi kabla kihisi hakijapata cha kushika.

Kuchagua mkono wa kushikia

Kihisi cha kawaida kina sehemu tatu: mkono unaoishika ayoni, sehemu inayotoa rangi au mng'ao, na kiungo kati yake. Katika molekuli nyingi ndogo kiungo hicho hakipo. Mkono na rangi vimeungana moja kwa moja.

Mkono uchague kwa kanuni ya Pearson ya mwaka 1963. Ayoni ngumu, ndogo na zenye chaji kubwa kama alumini na chuma cha chaji tatu, hupenda oksijeni. Ayoni laini kama zebaki na fedha hupenda salfa. Shaba, nikeli na zinki hukaa katikati na kuvutiwa na nitrojeni. Kwa metali za alikali kama sodiamu na potasiamu, kinachoamua zaidi ni ukubwa wa shimo: Charles Pedersen alipotangaza etha zake za mviringo mwaka 1967, alionyesha kwamba mzunguko wenye oksijeni sita huitosha potasiamu. Kazi hiyo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1987.

Jihadhari na shaba. Irving na Williams walieleza mpangilio ambao karibu kila mkono unaufuata: nguvu ya kushikwa huongezeka kutoka manganisi, chuma, kobalti, nikeli hadi shaba, kisha hushuka kwa zinki. Ukitengeneza mkono wa nitrojeni kwa ajili ya zinki, shaba ikitokea itauteka. Tena shaba ya chaji mbili huzima mng'ao wa molekuli nyingi, kwa hiyo utaona giza na kudhani zinki haipo.

Kwa alumini tunataka oksijeni mbili na nitrojeni moja zilizokaa karibu, zikiibana ayoni kutoka pande tatu. Molekuli rahisi yenye umbo hilo hupatikana kwa kuunganisha salisilaldehidi na 2-aminofenoli. Muungano wa aina hii huitwa besi ya Schiff. Malighafi zake ni za bei nafuu, na hauhitaji vyombo vya gharama.

Taa inawashwaje?

Molekuli inapofyonza mwanga hupata nishati ya ziada. Ikiwa haina njia nyingine ya kuitoa, huitoa kama mwanga. Ikiwa ipo njia nyingine, nishati hupotea kama maji kwenye ndoo yenye tundu, na mwanga haufiki kwako. Kazi ya ayoni ni kuliziba tundu hilo.

Besi yetu ya Schiff ina namna zaidi ya moja ya kupoteza nishati. Kubwa ni kifungo maradufu kati ya kaboni na nitrojeni, ambacho hujipinda molekuli ikishapata nishati. Alumini ikishikwa, inaikaza molekuli nzima. Kifungo hakiwezi tena kujipinda, na mng'ao wa kijani unatokea.

Njia ya pili ni ya elektroni. Profesa A. Prasanna de Silva, mzaliwa wa Sri Lanka aliyefanya kazi Belfast, aliijengea utaratibu wa kubuni vihisi: nitrojeni huweka jozi ya elektroni karibu na sehemu ya kung'aa, elektroni moja huruka na kuizima taa. Ayoni ikija na kuikamata jozi hiyo, hakuna cha kuruka, na taa inawaka. Ukiwa na sehemu ya kung'aa na mkono wa nitrojeni, kiungo kifupi cha kaboni moja au mbili ndicho kinachowezesha mpango huu.

Njia ya tatu ni kuhamisha rangi badala ya kuiwasha au kuizima. Roger Tsien na wenzake walitangaza fura-2 mwaka 1985 kwa ajili ya kalsiamu ya ndani ya seli. Unaimulika kwa nanomita 340, kisha 380, na kugawanya mng'ao mmoja kwa mwingine. Uwiano huo hauharibiwi kirahisi na taa iliyochoka au kihisi kilichopungua. Angalia pia jinsi walivyolinganisha nguvu ya mkono na kazi: kalsiamu katika seli iliyotulia ni takriban nanomoli 100 kwa lita, na fura-2 hufikia nusu ya kujaa karibu na hapo hapo. Mkono wenye nguvu mno ungejaa mara moja na usingeonyesha mabadiliko yoyote. Ukibuni chako, lenga nguvu inayokaribiana na kiasi unachotaka kukipima.

Kazi ya mezani

Vaa glavu, koti na miwani, na fanya kazi ndani ya kabati lenye kivuta-hewa. 2-aminofenoli ni sumu, na salisilaldehidi huwasha ngozi na macho.

Yeyusha gramu 1.09 za 2-aminofenoli katika ethanoli ya moto, kiasi cha mililita 20. Katika chombo kingine changanya gramu 1.22 za salisilaldehidi na mililita 10 za ethanoli. Vyote viwili ni milimoli 10. Mimina cha pili ndani ya cha kwanza polepole huku ukikoroga. Rangi ya machungwa itatokea karibu papo hapo. Endelea kupasha moto kwa nusu saa, acha upoe, weka kwenye barafu, chuja fuwele, zioshe kwa ethanoli baridi kidogo na uzikaushe. Ukipata yote, ni gramu 2.13, pungufu kidogo ni kawaida. Kama fuwele zina madoa ya kahawia, zifuwelishe upya katika ethanoli. Aminofenoli iliyokaa sana dukani huwa imeshaoksidishwa na kuwa nyeusi, na uchafu huo hufyonza mwanga wako.

Tayarisha akiba mbili. Ya kwanza ni kihisi: miligramu 21.3 katika mililita 100 za ethanoli, yaani milimoli 1 kwa lita. Ya pili ni alumini: miligramu 47.4 za shabu ya potasiamu ya daraja la maabara katika mililita 100 za maji yaliyotiwa tone la asidi, nayo pia ni milimoli 1 kwa lita. Asidi hiyo inazuia alumini isijigeuze kuwa hidroksidi. Shabu ya sokoni usiitumie hapa, kwa sababu hujui ina nini kingine.

Tumia chupa za plastiki zilizolowekwa kwenye asidi ya nitriki hafifu na kusuuzwa vizuri. Vioo vina alumini ndani yake na huiachia kidogokidogo. Vumbi la chumba nalo lina alumini.

Sasa panga mirija kumi na moja. Katika kila mmoja weka mililita 5 za ethanoli, bafa ya asetati ya pH 5.5, na mililita 0.1 ya akiba ya kihisi. Ongeza alumini kuanzia mililita 0 hadi 0.1, ukipanda kwa 0.01, kisha jaza bafa hadi mililita 10. Umepata kihisi cha maikromoli 10 kwa lita, na alumini kuanzia 0 hadi 10. Subiri dakika 15, zima taa za chumba, mulika kwa taa ya nanomita 365, aina ile ile inayotumika madukani kukagulia noti bandia. Usiiangalie taa yenyewe. Mrija wa kwanza utabaki na giza, na wa mwisho utang'aa kijani.

Kwa nini pH 5.5? Chini sana, ayoni za haidrojeni huchukua nafasi ya alumini, na besi ya Schiff yenyewe huvunjika. Juu, alumini hujifunga na hidroksidi. Hata katika pH hii kihisi huvunjika polepole kwenye maji, kwa hiyo changanya siku unayopima, na soma kila mrija baada ya muda uleule. Usikubali kuiondoa ethanoli bila kupima upya kila kitu. Vihisi vingi vinavyosifiwa hufanya kazi katika asetonitrili tupu, na hakuna anayekunywa asetonitrili.

Majaribio ya kukihoji kihisi

Mng'ao uliouona ni mwanzo tu. Kinachofuata ndicho kinachotenganisha kihisi na rangi nzuri.

Kwanza, pima ayoni nyingine mojamoja: sodiamu, potasiamu, kalsiamu, magnesi, manganisi, chuma cha chaji mbili na tatu, kobalti, nikeli, shaba, zinki, kadimi, risasi. Usizipime kwa kiasi sawa na alumini tu. Zipime kwa kiasi kinachopatikana kwenye maji yenyewe. Kalsiamu iwe milimoli, si maikromoli.

Pili, na hili ndilo linaloachwa sana, changanya kila ayoni hizo pamoja na alumini. Ayoni isiyowasha kihisi inaweza kuzuia kisiwashwe. Chuma cha chaji tatu kitakusumbua hapa: kinapenda oksijeni kama alumini na kinazima mng'ao. Dawa yake ni kukigeuza kuwa chaji mbili kwa asidi ya askobiki, kisha kukifunga kwa fenanthrolini, ambayo nitrojeni zake hazijali alumini. Mchanganyiko utakuwa wa rangi ya machungwa yenye wekundu, kwa hiyo fanya vivyo hivyo kwenye mirija yako ya kulinganishia.

Tatu, tafuta uwiano wa kushikana kwa njia ya Job: jumla ya moli za alumini na kihisi isibadilike, ubadilishe mgawanyo tu. Kilele kikiwa kwenye nusu kwa nusu, ni moja kwa moja. Kikiwa pale kihisi ni theluthi mbili, ni viwili kwa alumini moja.

Nne, angalia kama kushikana kunarudi nyuma. Ongeza floridi, ambayo huing'ang'ania alumini, na mng'ao upungue. Ukitumia EDTA baridi unaweza kudhani kihisi hakiachii, kumbe EDTA huishika alumini polepole hadi ipashwe moto.

Tano, kokotoa kiasi kidogo kabisa kinachotambulika. Soma mrija usio na alumini mara kumi ukitayarisha upya kila mara, tafuta mkengeuko sanifu wa masomo hayo, zidisha kwa tatu, gawanya kwa mteremko wa mstari wako. Jibu likiwa chini kabisa ya maikromoli 7.4, kihisi kinafaa kwa kazi. Likiwa maikromoli 6, bado hakifai: unahitaji nafasi ya kutosha kati ya kikomo cha chombo na kikomo cha maji.

Kwenda kwenye maji ya kweli

Maji ya bomba yana kitu ambacho maji yako ya maabara hayakuwa nacho, na mara nyingi hujui ni kitu gani. Njia salama ni ya kuongezea. Gawa sampuli moja katika mirija minne. Mmoja uache, na mitatu iongezee alumini maikromoli 2, 4 na 6. Chora mstari na uurudishe nyuma hadi ukate mhimili wa ulalo. Hapo ndipo pana kiasi kilichokuwemo. Mteremko wa mstari huo ukiwa mdogo kuliko ule wa maji safi, kuna kitu kinamnyamazisha shahidi wako.

Katika ukanda wetu kitu hicho kina jina. Maji ya Arusha, miteremko ya Kilimanjaro na Nakuru, kwenye Bonde la Ufa na kandokando yake, mara nyingi yana floridi inayozidi kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Miligramu 1.5 ni maikromoli 79, zaidi ya mara kumi ya alumini tunayoitafuta. Floridi itaificha alumini, na mrija utabaki na giza ilhali alumini imo. Kwa maji ya aina hiyo, chemsha sampuli kwa asidi ya salfuriki hadi moshi mweupe utoke, ili floridi itoroke, kisha rudisha pH na upime. Kazi hiyo ifanyike ndani ya kabati lenye kivuta-hewa, na katika chombo kisicho cha kioo kinachostahimili joto hilo, kama cha platinamu, maana mvuke wa floridi ni hatari na hula kioo. Kama huna chombo hicho, usiyapime maji hayo kwa kihisi hiki.

Sampuli chache, za giza na za mng'ao, zipeleke pia kwenye maabara yenye kipimo cha ufyonzaji wa atomi, mathalani maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kwa walio Tanzania, ulinganishe matokeo. Mabaki ya majaribio usiyamwage kwenye sinki. Yakusanye kwenye dumu lenye lebo.

Ukiandika ripoti, jedwali la ayoni zilizokidanganya kihisi chako liwe la kwanza, kabla ya picha ya mirija inayong'aa. Anayekuja baada yako atafaidika zaidi na jedwali hilo kuliko picha. Na usimwambie mtu maji yake ni salama kwa sababu tu mrija haukung'aa. Kwanza ongeza alumini kidogo kwenye sampuli hiyohiyo. Iking'aa, ule ukimya wa mwanzo una maana. Isipong'aa, hujapima chochote.